Bega la Kushoto Liko Juu

Jumatatu, 3 Machi

Picha ya Kitinda imerudi tena. Afisa wa dirisha la tatu kaandika nyuma kwa kalamu nyekundu: KICHWA KIMEINAMA.

Mimi! Mpiga picha za pasipoti, duka langu linatazamana na ofisi yenyewe ya pasipoti, nusu ya waliopanda ndege katika mji huu wamekalia stuli yangu. Halafu picha ya binti yangu mwenyewe inarudishwa kama noti bandia.

Nimeikagua. Kweli imeinama. Kaegemea upande wa kushoto wake kama mtu anayetega sikio kwenye redio ya jirani.

Afisa anasema maombi yakikamilika ifikapo Ijumaa tarehe 21, pasipoti itatoka kabla ya safari. Yakipita hapo, nafasi yake ya chuo huko ng'ambo anapewa mwingine. Kitinda kaichukua picha yake. Kaniangalia tu. Bora angenitukana.

Shingo leo mbaya. Kushoto, chini ya fuvu, halafu inapanda mpaka nyuma ya jicho. Miaka ishirini sasa. Kitinda alikuwa bado hajaanza hata kukaa siku ile nilipopiga chafya nikiwa juu ya stuli. Chafya tu! Wenzangu wanaumia vitani.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji anasema kosa si la stendi. Huyu ni kaka yake mke wangu, tunamwita Bwana Vifaa, maana hajawahi kukutana na tatizo lisilotaka kifaa. Stendi ya kamera kaninunulia yeye mwezi uliopita, miguu mitatu, ili nisishike kamera mkononi, shingo ipumzike. Nikamwambia sijailaumu stendi. Akasema, lakini umeiangalia vibaya.

Ila ukweli ni kwamba tangu ifike, picha zinarudi. Si ya Kitinda peke yake. Ya mwalimu wa hisabati imerudi. Za mapacha wa fundi viatu zimerudi zote mbili, wameegemea upande mmoja kama wanasukumwa na upepo. Miaka ishirini nilipokuwa nashika kwa mkono haikurudi hata moja!

Tumeazima pima maji kwa fundi ujenzi, tumeipima stendi. Iko sawa kabisa. Basi waliopinda ni wateja. Wote, kwa mwezi mmoja. Ugonjwa gani huu?

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Daktari wa maumivu. Sikujua maumivu yana daktari wake. Ana shingo ya plastiki mezani na anaipenda, hilo linaonekana wazi.

Kanieleza. Pingili za shingo ni saba. Neva zinazotoka hapo ni jozi nane. Nikamwambia, daktari, hesabu haifungi. Akasema ndivyo ilivyo, jozi ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza. Nimerudi nalo hilo njia nzima. Mwili wangu mwenyewe, na mahesabu yake kama ya duka linalotaka kufilisika.

Nyuma ya pingili kuna viungo vidogo, kulia na kushoto, kama bawaba za mlango. Bawaba zangu za juu upande wa kushoto zimelika. Kila bawaba ina vineva vyake, vyembamba kama uzi. Hivyo havikunji mkono wala havisogezi kidole. Vinagusa misuli midogo ya karibu, basi, halafu kazi yao nyingine ni kupeleka habari za maumivu huko juu. Umbea mtupu! Tena kimoja kinapanda mpaka kisogoni, ndiyo maana kichwa kinagonga. Miaka ishirini nimemlea mbea shingoni.

Tiba yenyewe hii. Kwanza sindano ya ganzi palepale kwenye uzi. Ukipata nafuu kwa saa chache, mbea kapatikana. Siku nyingine wanarudia, wahakikishe hakusingiziwa. Ndipo inakuja sindano ya tatu, yenye ncha ya moto, inamuunguza. Nikauliza, akishaungua basi? Akasema hapana, neva huota tena. Miezi tisa, mwaka, wengine zaidi. Umbea nao, lini uliwahi kuisha?

Akaniuliza natarajia nini. Nikamwambia binti yangu anasafiri tarehe 12 Aprili na nataka niangalie juu. Ndege ipae niione mpaka ipotee. Miaka ishirini sijaona kitu kilicho juu ya kizingiti cha juu cha mlango. Daktari hakucheka. Kaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Habari imeenea nyumbani kwamba Jumanne nitakuwa na shingo kwa saa kadhaa. Kila mtu ana kazi nayo!

Mke wangu anataka nitazame dari la chumbani, linavuja, kanieleza hilo tangu mvua zilizopita na mimi nimekuwa nikikubali bila kuona. Shemeji anataka nipande ngazi nimshikie antena. Mama mkwe anataka kusalimiwa. Kiti chake sebuleni kiko kushoto kwangu, hahami, kwa hiyo miaka yote nimemwamkia nikiwa nimeelekea kabati. Anasema kabati lile limeheshimiwa kuliko yeye.

Nikasema jamani, shingo ni yangu.

"Ilikuwa yako ilipokuwa inauma," mke wangu akasema. "Ikipona ni ya nyumba nzima."

Nikakubali. Shingo upande, kama kawaida yangu. Sina namna nyingine ya kukubali.

Kitinda peke yake hakuomba kitu. Kauliza kama sindano itauma. Nikasema haitauma. Yeye huyo, mzigo wote alionao, anauliza sindano yangu!

Jumanne, 11 Machi

Wamenilaza kifudifudi chini ya mashine ya eksirei. Daktari anaiona sindano kwenye kioo, mimi naona vigae. Iliuma. Kisha akasema usiende kulala, nenda kafanye yote yanayokuumiza.

Nikaenda kazini.

Njiani ikatokea. Kimya! Kama jirani mwenye jenereta kazima. Nikasimama katikati ya barabara, mwenye pikipiki akanitukana, nikageuka KUSHOTO kumtazama. Nilimshukuru. Alishangaa mpaka akazima pikipiki.

Dukani nikagundua nina saa ukutani, upande wa kushoto. Imesimama. Sijui tangu enzi gani.

Nyumbani nikamwendea mama mkwe, nikamgeukia sawasawa, uso kwa uso. Shikamoo mama. Akaniangalia mpaka nikaona aibu. "Marahaba," akasema. "Kumbe una makengeza." Kisha akamwambia mke wangu, mwanangu, hukuniambia. Nadhani amemkumbuka yule mkwe aliyekuwa akiamkia kabati.

Dari linavuja kweli.

Halafu kazi yenyewe. Kitinda kwenye stuli, pazia jeupe nyuma, kamera kwenye stendi. Nikamwambia kaa sawa. Nimekaa sawa, baba. Kaegemea kushoto! Nyoosha kichwa. Nimenyoosha. Nikamfuata, nikamshika kwa viganja viwili, nikamnyoosha mwenyewe. Akashika stuli kwa mikono yote: "Baba, naanguka!" Nikamwachia, kichwa kikarudi kushoto, nikapiga hivyohivyo. Imetoka picha ya mtu anayeibiwa.

Na ajabu ni hii. Mwalimu wa hisabati alikuja kurudia yake, kanyooka. Mapacha wamenyooka. Wateja wote wa leo wamenyooka kama mishumaa. Ni yeye tu!

Nikamkaripia. Nikamwambia anafanya makusudi, labda hataki kusafiri. Akashuka kwenye stuli akaenda kufagia. Jioni mbea akarudi kazini, na mimi nikaona nimestahili.

Jumatano, 12 Machi

KICHWA KIMEINAMA. Safari hii kapigia mstari.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji aliichukua picha akainyoosha kwenye kompyuta. Kaizungusha kidogo tu, anasema. Imerudi: IMECHEZEWA. Na onyo juu yake: za simu hawapokei, zilizoguswa kwenye kompyuta hawapokei, wakiona nyingine faili linafungwa. Bwana Vifaa kanyamaza mpaka chakula cha mchana. Rekodi hiyo.

Kitinda naye kaniambia ukweli. Jana alikwenda kwa siri kwenye kile kibanda cha picha dukani kwa wenye pesa, kile unachojifungia mwenyewe. Mashine ina sauti ya mwanamke. Ikamwambia tafadhali nyoosha kichwa. Akanyoosha. Tafadhali nyoosha kichwa. Ikaendelea hivyo mpaka waliopanga foleni nje nao wakaanza: nyoosha! nyoosha! Katoka analia, mashine bado inamsihi.

Alikwenda kwa siri ili nisiumie. Nimeumia kwa sababu ilikuwa siri. Nikamwomba radhi kwa ya Jumanne. Akasema yameisha, baba, huku kainama vilevile.

Jumatatu, 17 Machi

Jaribio la pili. Ganzi ya aina nyingine, inadumu zaidi. Kimya tena! Nimeshaanza kuzoea raha, hatari hiyo.

Leo nikaiweka stendi pembeni. Shemeji kachukia, kaifunika kwa kitambaa kama maiti. Nimeshika kamera mkononi, kama zamani. Kitinda kwenye stuli. Kaegemea kushoto vilevile! Stendi haina kosa, mkono hauna kosa. Nimepiga nyingi sana. Hakuna hata moja.

Jioni daktari kapiga simu kuuliza nafuu ilikuwa kiasi gani. Nikasema maumivu yakiwa kumi, tisa yaliondoka. Likabaki moja, la binti yangu. Akasema hilo halipo kwenye shingo ya plastiki.

Kuunguza ni Ijumaa asubuhi. Ijumaa hiyohiyo, tarehe 21! Nikaomba siku nyingine. Nafasi nyingine ni mwisho wa mwezi ujao, na wakati huo ndege imeshaondoka. Nikasema basi, Ijumaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimemeza mate machungu, nimempeleka Kitinda kwa mshindani wangu, yule mwenye taa tano na kiyoyozi. Kamwangalia, kamwinua kidevu, kamsogeza, kampuliza feni. Mwisho akaniita pembeni akaniuliza kwa upole kama mtoto alizaliwa hivyo. Nilitaka kumpiga na taa yake mojawapo.

Nimerudi dukani, nimekaa chini ya ubao wa picha za mfano. Miaka ishirini ya sura za watu. Nimezitazama kama sijawahi kuziona. Vichwa vyote vimenyooka, barabara kabisa. Lakini mabega! Bega la kushoto liko juu. La mhasibu, juu. La bibi aliyekwenda kutibiwa macho, juu. La mchungaji, juu. Picha ya kitambulisho cha shule cha Kitinda, kichwa wima, bega la kushoto juu. Mji mzima umesafiri umebeba ndoo mkono wa kulia.

Hakuna dirisha linalokagua mabega. Lakini kwa nini?

Mke wangu anasema niache kutazama picha, shingo itazidi. Imeshazidi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika hapahapa benchi, korido ya hospitali, ghorofa ya pili. Nimeambiwa nisubiri kuitwa. Mbea leo anapiga kelele, anajua siku zake zimekwisha. Kichwa kimelala kulia mpaka sikio linakaribia bega.

Kitinda kaja nasi, mimi na mama yake. Kakaa kwenye benchi la mkabala, mgongo ukutani. Ukuta mweupe. Nilikuwa namtazama tu, nikifikiri nitamwambia nini saa tisa dirisha likifungwa.

Kanyooka.

Nimefumba macho, nimefumbua. Kanyooka! Ungeweza kumtumia kama pima maji ya kujengea nyumba. Nikamwambia usitikisike. Akasema sijatikisika baba, nimekaa tu.

Nikamwuliza mke wangu, yuko kushoto kwangu, simwoni: huyu mtoto kanyooka au kainama?

"Kainama," akasema. "Kama wewe. Mnatazamana kama mtu na kioo."

Tangu lini?

"Tangu mchanga. Ulikuwa unampakata umeinama hivyohivyo, naye anainama akutafute macho. Alijifunza kukaa akiwa anakutazama wewe. Hajawahi kukaa vingine."

Mbona hukuniambia miaka yote hii!

"Nilidhani unajua. Nilidhani ndivyo mnavyopendana."

Nimeinama chini nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu havina kamba.

Basi ndiyo hivyo. Sasa naliona lote. Mimi niliinama, kamera mkononi ikainama na mimi. Mteja akinitazama anainama anifuate, mtu hawezi kuongea na aliyepinda akabaki wima, hata nesi wa hapa kaniambia "subiri kidogo baba" kichwa kikiwa pembeni. Tuliopinda wawili, picha ikanyooka. Mabega ndiyo yaliyolipa. Ikaja stendi, yenyewe haiumwi shingo. Mteja akainama, stendi ikabaki wima. Yakaja majaribio, mimi nikanyooka, wateja wakanyooka. Kitinda hakunyooka kwa sababu hakuwa ananiiga. Yeye kwake hapo ndipo pa kawaida.

Maana yake leo, sasa hivi, na kichwa hiki kibovu na kamera mkononi, ninaweza kumpiga picha iliyonyooka. Mimi peke yangu duniani! Mpaka mlango ule wa chumba cha sindano ufunguliwe.

Na kamera iko dukani.

Mke wangu kakurupuka. Kasema si uinamishe kamera kwa mkono tu, ukishatoka? Nikamwambia nikishatoka nitalala hapa mpaka jioni na kizunguzungu juu, dirisha linafungwa saa tisa. Kasema basi ainamishe kaka yangu. Bwana Vifaa! Ataitafutia kwanza kifaa cha kuinamishia. Mke wangu akaniangalia, au nadhani aliniangalia, akavua viatu vya kisigino, akashuka ngazi mbio pekupeku. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Nikampenda sana.

Kisha akapiga simu toka njiani: shemeji naye anakuja, na stendi, huwezi kujua.

Nesi katoka mara ya kwanza. Nikamwambia namsubiri mke wangu. Akasema mke haingii. Nikamwambia najua.

Katoka mara ya pili. Daktari mwenyewe nyuma yake, glavu mkononi. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri tu, bega, ndoo, stendi, dirisha la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa chake kikiinama taratibu kuelekea upande ule. Nikamwonyesha: umeona? Akajinyoosha haraka, akakohoa. Akasema ana wagonjwa wengine wawili, dakika chache tu, baada ya hapo ni mwisho wa mwezi ujao.

Kitinda kasikia. "Baba, ingia tu," akasema. "Mimi nitaomba tena mwakani."

Mwakani neva nayo itakuwa imeota, nikamwambia. Akacheka. Mimi sikucheka. Nikiingia sasa nitapona, na tarehe 12 nitaitazama vizuri sana ndege ambayo hayumo. Nikisubiri, atakuwemo, na mimi nitaangalia matairi. Nimekaa na hilo hapa benchini na nasema wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa. Si sindano. Naogopa kunyooka na kumwona amepinda, kila siku, mimi niliyemwona sawa tangu azaliwe.

Mlango umefunguliwa tena. Nesi kasimama na kile kigauni cha kijani. Anasema sasa au basi.

Kuna miguu kwenye ngazi. Upande wa kushoto! Siwezi kugeuka. Anaweza kuwa mke wangu. Anaweza kuwa mtu na bahasha yake ya eksirei.

Nesi ananyoosha mkono anisaidie kusimama. Namwambia subiri. Namtazama Kitinda, yeye ngazi anaziona. Amekaa vizuri, ukuta mweupe nyuma, mikono mapajani, mdomo umefungwa, macho mbele — hapana, macho yamehama, anatazama nyuma ya sikio langu, na sasa mdomo unaanza kufunguka. Usitabasamu, namwambia, usitabasamu mwanangu, kwenye pasipoti hawataki